Ntandu Hakuwa Peke Yake

Utemini, Singida
Jumapili baada ya Krismasi

Baba yangu,

Shikamoo. Mama naye nampa shikamoo yake kando, asije akasema nimemchanganya na mtu mwingine katika bahasha moja. Najua macho yako siku hizi hayapendi maandishi madogo, kwa hiyo nimejitahidi kuandika herufi kubwa. Nakuomba barua hii uisome wewe mwenyewe kwanza, peke yako, ndipo uamue kama inafaa kusomewa wengine.

Mguu wa Mama unaendeleaje? Dada aliniandikia kwamba sasa anatembea mpaka kisimani bila fimbo, nikafurahi sana. Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa au bado? Huku sisi ni wazima. Mke wangu Rahabu hajambo, na wajukuu wako hawajambo. Mkubwa anaongea Kinyaturu na watoto wa jirani kutwa nzima, Kisambaa chake kimebaki cha kuombea chakula tu. Siku ukija kututembelea itabidi nikutafutie mkalimani.

Kazi yangu ya ubwana shamba ni ileile. Napanda pikipiki asubuhi, naingia vijijini, nawaonyesha watu kupanda uwele kwa mistari. Wananisikiliza kwa adabu, nikiondoka wengine wanamwaga mbegu kama babu zao walivyomwaga. Siwalaumu. Wengi wao wamehamia vijiji vipya juzijuzi tu, mashamba yao ya zamani yako mbali, na mtu aliyetoka kuvunja nyumba yake na kujenga nyingine hana haraka ya kumsikiliza mgeni kutoka milimani. Upepo wa huku ndio sijauzoea. Unavuma kati ya yale mawe makubwa mchana kutwa, vumbi linaingia hata ndani ya chumvi.

Baba, hayo ni ya kawaida. Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Unamkumbuka Karimu, yule Mhindi niliyesoma naye, aliyenifundisha kupanda baiskeli? Mwezi wa sita, nilipokuwa bado mgeni mjini, niliingia duka moja la vitambaa kutafuta kaki ya suruali ya kazi. Mwenye duka alikuwa ameinama, anapima kitambaa cha mteja mwingine. Aliniuliza bila kuniangalia, "Yadi ngapi?" Nikasema mbili na nusu. Akaacha kupima.

"Sauti hii," akasema, "ilikuwa ikinipigia makelele ya kwaya kila Jumamosi nikitaka kulala mchana."

Alikuwa Karimu. Amenenepa, nywele zimemtoka mbele, lakini kicheko ni kilekile. Alimwacha mteja amesimama, akazunguka meza akanikumbatia. Siku ile nilikaa nyuma ya duka lao mpaka jioni. Ndugu zake wawili wamehama nchi, yeye amebaki na mama yake mzee, ambaye hataki kusikia habari ya kuhama. Yule mama alitupa chai na mkate wa kukaanga, akakaa nasi akisikiliza.

Tulilihesabu darasa letu lote, kitanda kwa kitanda, kama tulivyokuwa tumepangwa bwenini. Kitanda cha mlangoni, Augustino: yuko jeshini, ana nyota begani. Cha pili, Hamisi aliyekuwa analilia kwao wiki nzima ya kwanza: siku hizi ni hakimu, na anawaliza wengine. Doto alikwenda kusoma Urusi, akarudi na koti la manyoya, na husemekana hulivaa hata kwenye jua la Dodoma. Luka, yule mpole, alifariki kwa homa miaka mingi iliyopita, wala sikuwa nimejua, niliambiwa na Karimu palepale. Tukaendelea. Tukafika kitanda cha dirishani, na hapo sote wawili tukakwama.

Mama yake akauliza, "Na huyo wa dirishani?"

Karimu akasema, "Chai imepoa, Mama."

Kitanda cha dirishani kilikuwa cha Ntandu. Jina hilo unalijua, Baba. Ndiye yule Mnyaturu aliyefukuzwa shule tulipokuwa darasa la kumi na moja. Niliporudi likizo nikawahadithia, ulisema mezani kwamba nimshukuru Mungu kwa kuniepusha na rafiki wa namna hiyo. Baadaye, kila mdogo wangu alipokosa adabu, ulimwambia ataishia kama mwanafunzi mwenzake Yakobo. Mimi nilikuwa nakaa palepale, nakula, nakubali kwa kichwa.

Sasa nitakuambia ilivyokuwa, kwa sababu sikuwahi kukuambia.

Muhula ule maharage ya shule yaliingia wadudu. Tulilalamika kwa kiranja, kiranja akalalamika kwa mwalimu wa zamu, tukaambiwa tufumbe macho tule. Asubuhi moja ya Jumapili, wengine walipokuwa kanisani, sisi watatu, Ntandu, Karimu na mimi, tuliingia jikoni. Tukachukua sufuria kubwa la maharage, lile la kulishia bweni zima, tukalibeba mpaka barazani kwa mkuu wa shule, tukaliweka mbele ya mlango wake na kijiko juu. Wazo lilikuwa langu, Baba. Si la Ntandu. Hata kijiko nilikiweka mimi.

Jioni tulipangwa mstari. Mkuu wa shule akauliza ni nani. Akasema kama hakuna atakayejitaja, darasa zima litarudi kwao. Nilikufikiria wewe, jinsi ulivyouza miti yako ya mbao nipate kwenda shule, nikasema moyoni, nikihesabu mpaka kumi nitajitokeza. Nilikuwa bado nahesabu Ntandu alipotoka mbele.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe na nani?"

"Mimi peke yangu."

Mkuu akamwambia, "Sufuria lile linabebwa na watu watatu."

"Mimi nina nguvu, bwana."

Mkuu akatuangalia mmoja mmoja. Alijua. Alisubiri. Karimu aliangalia viatu vyake na mimi niliangalia vyangu. Kesho yake Ntandu alipandishwa lori la mizigo. Alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, miaka yote. Kabla lori halijaondoka alitupa mkono, akasema, "Mtaniandikia."

Hatukuandika. Mwanzoni nilikuwa naona haya, nikasema nitaandika haya ikipungua. Halafu mwezi ukawa miezi, nikawa naona haya ya kuchelewa juu ya haya ya kwanza. Nilidhani Karimu ameandika. Karimu naye alidhani mimi nimeandika.

Basi tangu mwezi wa sita mpaka juzi tulikunywa chai kila wiki nyuma ya duka lile, na hatukumtaja. Wiki moja kabla ya Krismasi Karimu akaja nyumbani kwangu mchana, duka ameliacha kwa mama yake. Rahabu alimkaribisha kiti, akakataa kukaa.

"Ntandu yuko Issuna," akaniambia. "Ni mkulima, ana mizinga ya nyuki. Huleta asali sokoni hapa mjini. Nimemwona mara tatu katika miaka hii, anapita mbele ya duka. Mara zote tatu nilikwenda kujificha stoo."

Nikamwuliza kwa nini anieleze leo.

"Leo amepita tena. Nimekwenda stoo, nimemkuta Mama amesimama mlangoni, amefunga kwa ufunguo. Ameniuliza, 'Mtu gani huyo anayekufanya ujifiche ndani ya duka la baba yako?' Nikamweleza yote. Akasema hatanipa chai wala chakula mpaka niende kwa huyo mtu. Yakobo, twende wote. Peke yangu siwezi."

Siku ya pili ya Krismasi tukaenda, kwa pikapu yake. Karimu alibeba kanga mbili na sukari. Mimi nilibeba shati jipya, halafu njiani nikaona ni upuuzi kumpelekea mtu shati baada ya miaka yote hiyo, nikalificha chini ya kiti.

Tulimkuta shambani nyuma ya nyumba yake, anapalilia uwele pamoja na mkewe. Nilimjua kwa mgongo kabla hajageuka. Alipogeuka alituangalia kwa muda, akachomeka jembe ardhini, akaja. Hakukimbia wala hakuchelewa. Akatupa mkono.

"Karimu," akasema. "Yakobo." Kana kwamba anaita mahudhurio.

Nikaangalia mistari ya uwele, nikasikia mdomo wangu unasema kwamba miche imesongamana, ingefaa apunguze.

"Umekuja kukagua shamba?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi twendeni tukakae."

Mkewe anaitwa Anna. Alituletea maji ya kunawa, akachinja kuku, akasonga ugali wa uwele. Mtu anayekuchukia hakuchinjii kuku. Ntandu alikuwa akituuliza habari kwa utulivu. Nani yuko wapi, nani amefanya nini. Tukalihesabu darasa tena, kitanda kwa kitanda, safari hii mwenye kitanda cha dirishani akiwa mbele yetu. Alicheka sana habari ya koti la Doto. Tulipomwambia Luka amefariki aliweka tonge chini. Kumbe Luka alikuwa amemwandikia mara mbili. Luka, ambaye hakuwa hata rafiki yetu.

Hapo Karimu akaanza kulia, mtu mzima na tumbo lake. Nikasema, "Ntandu, tumekuja kuomba radhi."

Alinawa mikono kwanza. Kisha akasema, naandika kama alivyosema, "Kufukuzwa nilichagua mwenyewe. Nilikuona unavyotetemeka, nikasema huyu baba yake ameuza miti, na Karimu akifukuzwa baba yake atamfungia dukani maisha. Mimi baba yangu alikuwa amekwisha kufa, hakukuwa na mtu wa kunichapa. Hilo sikuwadai, na sijawahi kujuta. Lakini barua. Kila mtu aliyetoka mjini nilimwuliza kama ana barua yangu. Mwaka mzima na zaidi. Huyu Anna nilikuwa ndiyo kwanza nimemwoa, alidhani nina mwanamke huko ananiandikia."

Anna akasema, "Nilidhani kweli."

Tukacheka, wote wanne, na katika kucheka kule nikaweza kupumua. Lakini hakusema amesamehe.

Tulikuwa tunajiandaa kuondoka Anna alipoingia ndani akatoka na karatasi. Akaiweka mbele yangu, siyo mbele ya mumewe. Ilikuwa barua kutoka ofisi ya elimu. Binti yao wa kwanza, Elizabeti, amefaulu darasa la saba na kuchaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Katika shule yao yote amechaguliwa yeye peke yake. Na shule yenyewe, Baba, iko huko kwetu, kwenye barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto. Kutoka mlangoni kwako ni mwendo wa saa mbili kwa miguu.

"Baba yake hataki aende," Anna akasema. "Mtoto hali chakula vizuri tangu wiki iliyopita."

"Anna," Ntandu akamwita taratibu.

"Nasema mbele ya wenzako waliosoma na wewe. Wakikuunga mkono nitanyamaza."

Ntandu akatuambia, "Si kwamba sipendi asome. Mimi ndiye niliyemfundisha hesabu, kwa mkaa, kwenye ukuta huu. Lakini kule ni mbali, hatujui mtu. Nimewahi kusimama mbele ya mstari mimi, na hakuna aliyefungua mdomo. Mtoto wangu akikosewa kule, au akikosea, nani atamsemea?"

Nikajibu kabla sijafikiri. Nikasema, "Baba yangu na mama yangu watamsemea. Likizo fupi atakaa kwao. Akiugua watamfuata."

Ntandu akaniangalia. "Umemwuliza baba yako?"

"Bado."

"Anajua kwamba sufuria lile ulilibeba na wewe?"

Nikasema hajui.

"Anajua nini juu yangu?"

Baba, nisamehe, nilimwambia kweli. Nilimwambia jina lake linavyotumika nyumbani kwetu kuwaonyea watoto. Hakukasirika. Aliitikia tu kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei aliyokwisha kuifikiria.

"Basi mwandikie," akasema. "Sitampeleka binti yangu akale chakula cha mzee anayeamini baba yake ni mhuni. Mwandikie yote, na barua niione kabla haijaenda."

Ndiyo maana barua hii naandika leo, na ndiyo maana haijafungwa. Keshokutwa Karimu anapeleka mzigo Manyoni, atapita Issuna ampe Ntandu aisome. Nimemwachia nafasi chini. Akiona kuna mahali nimejipendelea ana ruhusa ya kuichana. Akiridhika, Karimu ataitia posta Manyoni ipande treni.

Baba, ulikuwa ukiwaambia watu kanisani kwamba Yakobo hakukupa aibu hata siku moja. Nilikuwa nikisikia hivyo natamani ardhi inimeze. Elimu uliyoninunulia kwa miti yako niliimaliza kwa sababu mtu mwingine alikubali yake ikatike. Kama utanikasirikia, ni haki yako, na nitakapokuja likizo nitasimama mbele yako uniambie unachotaka. Lakini hasira hiyo naomba isimfikie mtoto. Nimetoa ahadi kwa jina lako bila ruhusa yako, na hilo ni kosa la pili juu ya la kwanza. Hata hivyo nakuomba uitimize. Ukikubali, nipigie telegramu kutoka posta ya Soni. Neno moja linatosha: aje. Na kama itakuwa vigumu kwako, basi mpe Mama aisome barua hii. Sisemi zaidi ya hapo.

Watoto wa nyumbani naomba uwaambie wewe mwenyewe kwamba ile hadithi waliyokuwa wakiambiwa haikuwa imekamilika. Mimi sitapata ujasiri wa kuanza nao wote kwa barua.

Nisalimie dada na shemeji, na yule mtoto wao mchanga ambaye sijamwona. Nisalimie Petro huko anakopasua mbao, mwambie aangalie vidole. Shangazi wa kule bondeni mpe shikamoo yangu, mwambie ile shuka aliyonifumia ndiyo ninayojifunika. Mzee mwenzako wa kanisa, jirani yetu, naye msalimie, na mchungaji.

Rahabu anasema shikamoo kwenu nyote wawili. Ameisoma barua hii. Alipomaliza aliniletea maji ya kunywa.

Ni mimi mwanao,
Yakobo

*

Issuna, Jumanne

Kwa Baba na Mama wa Yakobo,

Shikamooni. Mimi ni Ntandu. Yakobo aliniachia nafasi hapa, lakini ni ndogo, naandika machache.

Nimeisoma mara mbili. Nilikuwa nimejiandaa kuona amejificha mahali, sikuona. Mzee, naomba usimkasirikie sana. Tulikuwa watoto.

Usijisumbue kwenda posta kupiga telegramu. Karimu anatungoja hapa nje, nimemwambia atukatie tiketi ya basi la Arusha. Nitamleta Elizabeti mwenyewe kabla shule hazijafunguliwa, tutabadili basi Arusha, tutashuka Mombo, tutauliza njia mpaka kwenu. Kama mtaona haiwezekani, mtaniambia mimi uso kwa uso, na mtoto nitamtafutia mahali pengine. Lakini shule ataingia. Mama yake sasa hivi anamkata nywele, na mtoto amekula.

Ni mtoto wa kazi na haogopi hesabu. Jambo moja tu namwomba Mama, kwa kuwa nasikia huko kwenu ukungu hushuka mpaka ndani ya nyumba. Huyu hajawahi kulala mahali penye baridi. Ataona haya kuomba, kwa hiyo naomba mimi: usiku wa kwanza, mfunike vizuri.

Ntandu